Bati la Carina

Jua lilikuwa halijafika kwenye mabati ya mtaa wa Cimpunda, na Télesphore alikuwa ameshaliosha gari lake mara ya pili. Maji aliyapandisha mwenyewe kwa bidoni kutoka bomba la chini, kwa njia ile ya matope ambayo hata mbuzi huiteremka akifikiria, na Aimée mke wake alikuwa amemwambia wazi kwamba maji yale yalikuwa ya kupikia. Sikio la kufa halisikii dawa. Alifuta vioo, akafuta taa, akafuta mpaka mawe aliyoyasukumia nyuma ya matairi ili gari lisimwangukie jirani. Breki ya mkono ilikuwa bado kitu cha kuombea, si cha kutegemea.

Ndani ya gari alikuwa ameshakaa mama yake, Maman Madeleine. Alivaa liputa, kitenge chake cha Pasaka, na kitambaa cheupe kichwani, na juu ya magoti alikuwa amekumbatia kifurushi cha maharagwe ya mbegu. Alikaa mbele, upande wa kuume, pale ambapo majuma machache nyuma palikuwa na usukani. Sasa usukani ulikuwa umehamia kushoto, na tundu ulilouacha kwenye dashibodi lilizibwa kwa kipande cha turubai jeusi.

"Mama, ofisi bado haijafungua. Shuka kwanza unywe chai."

"Chai nitakunywa Nyantende," alijibu bila kumtazama. "Mi nimeshapanda. Kupanda, kushuka, kupanda, kushuka, magoti iko ya nani?"

Aimée alicheka mlangoni, akaingia ndani.

Niseme mapema shida ilikuwa ipi, maana hii si hadithi ya kuficha kitu. Maman Madeleine alikuwa na shamba Nyantende. Shamba hilo ndilo lililomlea Télesphore, na kwenye kona yake, chini ya migomba, ndiko alikozikwa baba yake. Yule mama aliliuza kwa mdomo wake mwenyewe, huku ndugu za marehemu wakinung'unika, kwa sababu alikuwa amechoka kumwona mwanawe akiendesha taksi za watu. Kila jioni mwenye gari alitaka versement yake, pesa ya siku, hata siku ambazo mvua ilifukuza abiria wote barabarani. "Shamba haitembee," alisema mama. "Gari inatembea. Tununue yenye kutembea." Pesa za shamba zikawa Carina ya kijani. Ikibaki, wanakula. Ikipotea, hakuna tena mahali pa kurudi. Sharti la mama lilikuwa moja tu: siku gari litakapopata plake za namba, safari ya kwanza ni Nyantende. Wifi yake alikuwa amemwekea kipande kidogo kisichouzwa cha kupanda kando ya kaburi, mvua zilikuwa zimeanza, na maharagwe hayamsubiri mtu.

Carina yenyewe walikuwa wameinunulia Kalemie. Kalemie ni Kongo na Bukavu ni Kongo, lakini gari likivuka kutoka mkoa mmoja kwenda mwingine linakuwa mgeni kuliko Mzungu. Linahitaji cheti cha huku, muhuri wa kule, na mtu wa kulikagua tangu pua mpaka mkia. Lilipanda mashua mpaka Uvira, likapanda milima mpaka Bukavu, na Télesphore akalipeleka ofisi ya magari akiwa bado na vumbi la njia kwenye nyusi. Siku ile alipokelewa na bwana mmoja aliyekuwa akichokonoa meno. Bwana yule alilizunguka gari, akaona usukani uko kuume kama magari yote yatokayo Japani, akatikisa kichwa.

"Volant ya kuume hatuandikishe tena. Geuza, kisha urudi."

Basi. Hakuandika, hakupiga muhuri. Alisema, akaendelea na meno yake. Na Télesphore akasema moyoni, ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Akalipeleka gari kwa fundi Hamadi, akageuza.

Siku hii ninayoisimulia ndiyo ilikuwa ya mwisho ya kile kikaratasi cha ruhusa ya muda kilichobandikwa kwenye kioo. Kesho yake polisi wa roulage, wale wa barabarani, wangekuwa na haki ya kulikamata gari, na wale hata bila haki hawakosi usingizi.

Ofisini walikuta mstari umeshafika barabarani. Mbele yao kulikuwa na jeep nyeupe ya bwana mmoja mwenye koti na kitambi cha heshima. Télesphore alishuka kunyoosha mgongo, akachungulia ndani ya ile jeep hivi hivi tu, kwa udereva wake. Usukani ulikuwa kuume.

Alitazama tena. Macho hayakuwa yamemdanganya.

"Papa, samahani. Hii yako iko na volant ya kuume?"

"Sasa?" alisema yule bwana.

"Wataiandikisha?"

"Kwa nini wasiandikishe? Juzi waliandikisha ya shemeji yangu. Volant iko vile vile, kuume."

Télesphore alirudi garini, akashika usukani wake wa kushoto kwa mikono miwili. Mama akamwuliza kuna nini, akasema hakuna kitu. Haikupita muda jeep ikaingia uani, ikatoka na plake mpya mbele na nyuma, na yule bwana akapiga honi kuwaaga askari wa mlangoni.

Zamu yao ikafika. Aliyekuja na karatasi ni Chantal, msichana wa ofisi mwenye penseli sikioni. Kazi yake ilikuwa rahisi hata mtoto angeiweza. Numero ya gari imegongwa kwenye chuma, kwenye ule ukuta unaotenga injini na miguu ya dereva. Unaweka karatasi juu yake, unasugua penseli, numero inajitokeza yenyewe kwenye karatasi, unaibandika kwenye dosie, faili la gari. Chantal aliomba bonnet ifunguliwe. Akainama. Akafuta kwa kitambaa, akasogea kulia, akasogea kushoto, akawasha tochi ya simu.

"Papa, numero iko wapi?"

"Iko hapo katikati."

"Njoo unionyeshe weye mwenyewe."

Télesphore akaja. Pale katikati palikuwa na bati jipya, safi, lenye mistari mizuri ya kulehemu na rangi ya kijani iliyopakwa kwa brashi. Kazi ya ufundi. Hapakuwa na numero yoyote, wala kile kibati kidogo cha kiwandani kilichokuwa pembeni yake. Alipitisha kidole juu ya bati, kama kipofu. Ndipo alipoelewa. Ili kuuhamisha usukani, Hamadi alilazimika kuukata ule ukuta, na numero ilikuwa ukutani. Na yeye Télesphore alikuwapo siku ile! Alikuwa ameshika taa akimmulikia fundi akate vizuri, akili yake yote iko kwenye usukani. Kati yao wawili hakuna aliyesema: ngoja, hapa pana jina la gari.

"Mungu wangu," alisema polepole.

Chantal alimwonea huruma, hilo lilionekana, lakini huruma haikuwa kwenye kazi yake. Akamwita Chef, mkubwa wa ofisi.

Chef Anaclet alitoka na kikombe cha kahawa mkononi. Alikuwa mtu mpole, wa sauti ya chini, wa wale wanaokuambia jambo baya kana kwamba wanakuuliza hali ya watoto.

"Gari bila numero tunaitaje?" alimwuliza Télesphore.

"Chef, numero iko kwa karatasi. Ona, carte rose, kadi ya gari ya Kalemie, hii hapa, karatasi ya ushuru wa duane hii hapa."

"Karatasi naona. Karatasi ni nzuri kabisa. Lakini inasema juu ya gari gani? Juu ya hii? Gari yenyewe inasema nini? Inanyamaza." Akanywa kahawa. "Gari yenye imekatwa numero, tunaita gari ya wizi."

"Mi siko mwizi! Ni hapa hapa waliniambia nigeuze volant. Kugeuza njo kulikata ile fasi ya numero!"

"Nani alikuambia?"

"Ile papa mwenye... mwenye alikuwa hapa. Murefu. Anachokonoaka meno."

"Ah. Yule amepewa mutation, wamemuhamisha. Iko Kalemie sasa." Chef alisema hivyo bila kucheka, na pengine hakuona cha kuchekesha. "Alikupa karatasi yenye kusema ugeuze?"

"Alisema kwa mdomo."

"Kwa mdomo," Chef akarudia, akamtazama Chantal. "Papa, kuna watu wanakuja kuelewana na sisi mbele ya kugeuza gari. Si nyuma."

Télesphore alilielewa neno lile kama unavyolielewa wewe. Lakini hakuwa na kitu cha kuelewana nacho. Kila alichokuwa nacho kilikuwa kimesimama pale uani, bonnet juu, kama mtu aliyeachwa mdomo wazi kwa daktari wa meno.

"Nikileta hiyo kipande?" aliuliza. "Nikileta bati yenyewe yenye numero?"

Chef aliinua mabega. "Lete, tutaona. Ila funguo inabaki hapa. Na tukifunga ofisi haujarudi, gari inaenda fourrière."

Fourrière ni uwanja wa ukuta mrefu ambako magari huingia na majani huota juu yao. Télesphore alitoa ufunguo. Kisha akaenda kumwambia mama yake ashuke, apumzike kwenye benchi la kivulini.

"Sishuki," alisema Maman Madeleine.

"Mama, gari wameishika."

"Nimesikia. Masikio haijazeeka." Alikumbatia kifurushi chake vizuri zaidi. "Waambie mi niko kwa shamba yangu. Mutu hashushwe kwa shamba yake. Enda, mwanangu, mwana wani. Enda haraka."

Garaji ya Hamadi ilikuwa Kadutu, kando ya mfereji, na Télesphore aliifikia kwa miguu na jasho. Hamadi alikuwa mtu wa Uvira, fundi aliyelijua chuma kama mama anavyoujua unga wake, na watu walitoka mbali kumletea magari. Miguu yake ndiyo ilionekana kwanza, ikitokea chini ya pikapu. Aliposikia habari alitoka chini kwa mgongo, akakaa palepale kwenye mafuta, akajishika kichwa.

"Wallahi, Télesphore. Wallahi! Nilikuwa naangalia colonne ya volant ipite wapi. Ile ukuta ilikuwa imeoza, nikasema niitoe yote, nikuwekee mpya, ukae miaka mingi bila taabu. Nilitaka kukufanyia muzuri."

"Najua."

"Ningekufanyia mubaya tu, ningekata kadogo, numero ingebaki!"

"Hamadi, najua. Ile kipande iko wapi?"

Hamadi alitazama pembeni, pale anaporundika vipande. Palikuwa peupe. Akatukana kwa Kifuliru, jambo ambalo Télesphore hakuwahi kumsikia akilifanya.

Watu wa Bukavu hawatupi bati. Bati la gari likikatwa garajini, jioni yake wanakuja watengeneza mbabula, yale majiko ya makaa, kulichukua, na kesho yake mtu anachomea mahindi juu ya mlango wa taksi. Vipande vya Hamadi vyote vilikwenda kwa Mushagalusa, chini kidogo ya soko. Hamadi alivua ovaroli, akavaa shati, wakateremka pamoja.

Kwa Mushagalusa husikii hata mawazo yako. Nyundo juu ya bati, patasi juu ya bati, watu wazima wamekaa chini wakigonga tangu asubuhi. Mushagalusa mwenyewe alikuwa amezeeka masikio, ilibidi wapaze sauti.

"Bati ya Carina!" alipiga kelele Hamadi. "Ya kijani! Ilitoka kwangu!"

"Ya kijani?" Mushagalusa alifikiri, nyundo hewani. "Ile ilikuwa nyepesi. Nilipatamo mbabula moja tu, kadogo. Mama Sifa wa sambaza aliichukua. Alisema yake imetoboka."

"Uliona numero?"

"Eeh?"

"Numero! Zimegongwa juu yake!"

"Kila bati iko na alama yake," alisema Mushagalusa. "Mi naangalia kama inakunjwa." Akaendelea kugonga.

Mama Sifa alikuwa na meza yake mlangoni mwa soko, na wakati huo wa mchana alikuwa na watu wamemzunguka na sahani mikononi. Sambaza, samaki wadogo wa ziwani, walikuwa wakirukaruka kwenye mafuta, na chini ya karai ilikuwapo mbabula mpya, rangi ya kijani bado inaonekana pembeni pale ambapo moto haujaifikia. Télesphore alipiga magoti mbele ya wateja wote, akaingiza kichwa chini ya karai.

"Ala! Weye papa, unatafuta nini chini ya moto yangu?"

"Gari yangu, maman."

Watu walicheka mpaka wengine wakamwaga pilipili. Mama Sifa hakucheka. Alimtazama yule mwanaume aliyepiga magoti katika majivu, akamtazama na Hamadi aliyesimama nyuma yake kama mtu wa msibani, akashusha karai.

"Gari yako iko chini ya sambaza zangu?"

"Numero yake, maman. Walinikatia. Bila hiyo numero wananinyang'anya gari, na mama yangu iko ndani yake."

"Mama yako iko ndani ya gari?"

"Amekataa kushuka."

"Huyo njo mama," alisema Mama Sifa. "Basi mimi nipikie nini? Nipikie mikono?"

Hamadi alishateremka mbio kwa Mushagalusa. Alirudi na mbabula nyingine, kubwa kuliko ile, iliyotokana na mlango wa basi. Mama Sifa aliipima kwa jicho, akaikubali, akahamisha makaa kwa koleo moja moja huku wateja wakilalamika kwamba njaa inawaua. Kisha akaipindua mbabula ya kijani, majivu yakamwagika, akaimwagia maji. Ikapiga kelele, moshi ukapanda.

Télesphore hakusubiri ipoe. Alisugua sakafu yake kwa kidole gumba, akaungua, akaendelea kusugua. Herufi za mwanzo zikatokea, zilezile za kwenye carte rose. Kisha tarakimu. Kisha tundu. Maana mbabula haiwaki bila matundu ya kuteremshia majivu, na Mushagalusa alikuwa ametoboa kwa msumari, kwa mpangilio wake mzuri, katikati kabisa ya numero. Baada ya matundu tarakimu ziliendelea mpaka mwisho.

"Zimebaki nyingi," alisema Hamadi. "Si zinaonekana? Mutu mwenye nia muzuri ataona."

"Mutu mwenye nia muzuri," alisema Mama Sifa, akaanza kurudisha karai motoni. Akawafungia sambaza kwenye karatasi. "Mupelekee huyo mama. Tangu asubuhi hajakula."

Mvua ilianza walipopata moto, yaani pikipiki, ya kuwapandisha. Télesphore alikaa kati ya dereva na Hamadi, mbabula imefungwa kwenye gunia lililolowa, ikimchoma tumboni kupitia shati. Moyoni alikuwa akisema Salamu Maria. Aliona picha nzima: Chantal anaweka karatasi, anasugua penseli, pale penye tundu Chef anajaza kwa kalamu, wanacheka wote, anaambiwa siku nyingine uwe na akili. Kwa nini isiwe? Mambo makubwa kuliko hayo yamerekebishwa nchini humu kwa kicheko.

Ofisini waliwakuta wanaanza kufunga madirisha. Maman Madeleine alikuwa palepale, kioo kimepandishwa kwa sababu ya mvua. Alikuwa amepata kitambaa mahali fulani, anapangusa ule upande wa dashibodi wenye turubai.

Télesphore aliweka mbabula juu ya meza ya Chef.

Ofisi nzima ikapasuka kwa kicheko. Mmoja aliuliza nani amemletea Chef chakula, mwingine akasema mahindi iko wapi, na askari wa mlangoni aliingia kutazama akasahau kutoka. Hata Chantal aliziba mdomo. Télesphore naye akatabasamu, akiwasaidia kucheka, maana mnyonge hucheka anapochekwa ili yaishe mapema.

"Ona, Chef. Hapa. Numero iko."

Chef Anaclet alivaa miwani. Alisoma pole pole, akalinganisha na carte rose, herufi kwa herufi. Hakudharau kazi, hilo tumpe.

"Ni yenyewe," alisema.

"Asante Mungu!"

"Ni yenyewe, isipokuwa hapa penye matundu. Lakini tuseme ni yenyewe. Sasa nikuulize, papa. Numero iko kwa mbabula. Gari iko kule inje. Mi nitaandikisha nini? Mbabula?"

Wakacheka tena.

"Chef," alisema Hamadi, "nitairudisha. Leo hii. Nakata hii fasi, nasoudé, nalehemu pale pale ilikuwa, hata hautajua."

Chef alivua miwani. Kwa mara ya kwanza uso wake ukawa mgumu.

"Weye njo fundi? Sikia muzuri mbele useme tena. Kutoa numero fasi moja na kuisoudé kwa gari, hiyo sheria inaiita faux, kughushi. Faux iko na gereza yake. Usiniambie kitu kama hicho ndani ya ofisi yangu."

"Bila numero ni wizi," alisema Télesphore. "Nikirudisha numero ni faux. Basi nifanye nini, Chef? Niambie tu, nitafanya."

"Hakuna kitu ya kufanya. Sasa ni uchunguzi. Gari itangoja uchunguzi kule fourrière."

"Mpaka lini?"

"Uchunguzi haiko na siku."

"Na ile jeep ya asubuhi? Volant yake ilikuwa kuume! Kama hamungeniambia nigeuze, numero yangu ingekuwa fasi yake mpaka leo!"

"Jeep ilikuwa na numero," alisema Chef kwa upole wake uleule, akasimama kuchukua koti.

Nani atabishana na hilo? Télesphore alitaka kumpiga yule mtu na alitaka kumlilia miguuni, yote kwa wakati mmoja. Hakufanya hata moja.

Alikwenda garini, akafungua mlango wa kuume. Mama alimwangalia usoni. Alishusha mguu mmoja, akapumzika, akashusha wa pili. Askari watatu walianza kulisukuma gari kuelekea geti, na kwa kuwa breki ya mkono haikushika, lilikwenda bila ubishi wowote.

"Papa!" Chef alimwita kutoka mlangoni. "Ile mbabula inabaki. Ni pièce à conviction, ushahidi."

Télesphore alirudi ndani. Alitembea mpaka mezani, Chantal akampisha. Aliichukua mbabula kwa mikono miwili, akaifunga kwenye gunia lake.

"Gari mumechukua," alisema. "Hii ni ya kupikia."

"Papa, nimesema inabaki!"

"Basi unikamate, Chef. Uandike kwa karatasi: tumemukamata juu ya mbabula. Uandike, si kwa mdomo. Na upige muhuri."

Askari alimtazama Chef, Chef akaitazama mvua, kisha akatazama saa yake. Saa za kazi zilikuwa zimekwisha. Hakuna aliyetaka kuandika. Télesphore akatoka na mbabula kifuani, na hakuna aliyemzuia.

Hamadi aliwasindikiza mpaka mwanzo wa mpando wa Cimpunda. Alisema atafanya kazi bure, atatafuta mtu anayemjua mtu. Maman Madeleine alimshukuru, akamwambia aende nyumbani abadilishe nguo zilizolowa. Wakapanda wawili, mama na mwana, wakisimama kila walipokutana na jiwe la kukalia. Walikula sambaza za Mama Sifa njiani, zilizopoa.

Aimée aliwaona wakija kwa miguu, akajua. Hakusema lile la maji ya kupikia, ingawa angekuwa na haki. Alikuwa bado hajawasha moto, makaa yalikuwa machache na yamelowa.

Maman Madeleine alivua liputa lake la Pasaka, akalikunja, akavaa la nyumbani. Kisha akaomba ile mbabula. Aliiweka chini kwenye kibaraza, akapanga makaa, akapuliza mpaka yakashika. Iliwaka vizuri. Mushagalusa alijua kutoboa. Akabandika sufuria, akafungua kifurushi chake, akayamimina maharagwe yote kwenye maji.

"Mama!" Aimée alimshika mkono. "Hizi si za kupanda?"

"Zilikuwa," alisema Maman Madeleine, akautoa mkono wake taratibu. "Leta chumvi."

Maharagwe ya mbegu huchaguliwa, yale mazuri tu, makubwa, yasiyo na doa. Télesphore alipewa sahani iliyojaa, na akala, kwa sababu alikuwa na njaa. Yalikuwa matamu, na hilo ndilo lililomliza.